Kona ya gazeti na kitovu cha sahani

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulitoa barua ya msomaji aliyetaka jometri ipunguzwe shuleni. Alisema tangu amalize kidato cha nne hajatokea mtu wa kumwomba athibitishe kuwa pembetatu mbili zinalingana, na kwamba siku hizi simu inapiga hesabu zote. Niliisoma nikiwa na penseli sikioni na bafta mapajani. Nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikaliweka gazeti pembeni maana mteja alikuwa anakuja saa kumi. Leo nina nafasi.

Mimi ni mshona kofia wa hapa Ngamiani, Tanga. Kofia za mkono, za viua, si hizi za mashine zinazouzwa kwa mafungu. Kazi nilifundishwa na shangazi yangu nilipomaliza darasa la saba, na sasa nina wajukuu. Sekondari sikuigusa. Basi msomaji mwenzangu asije akadhani anajibiwa na mwalimu anayetetea ugali wake.

Kofia yetu ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Ukanda urefu wake ni kichwa cha mwenyewe. Duara nalo lazima likae juu ya ukanda huo bila kuzidi wala kupungua. Vichwa vingi vya wanaume wazima ninaowapima vinacheza kwenye inchi 22, na shangazi alinipa hesabu fupi: kichwa 22, duara 7. Yaani kata duara lenye upana wa inchi 7 kutoka ukingo hadi ukingo, ongeza za mshono, na ukanda wa inchi 22 utalizunguka mpaka ncha zikutane. Shuleni nilikuwa nimeimba na wenzangu kwamba pai, yaani mzunguko wa duara ukiugawanya kwa upana wake, ni 22 kwa 7, tumeiimba mpaka koo zikakauka, lakini haikunijia hata siku moja kwamba kumbe 22 ile na 7 ile ni kofia.

Akaja bwana harusi wa kichwa 23. Shangazi hakuwepo, nami nilijiona fundi. Nikawaza: kichwa kimeongezeka inchi moja, basi na duara niliongeze inchi moja. Nikakata duara la inchi 8 na ukanda wa inchi 23, nikaanza kuunganisha. Nimefika mwisho wa ukanda, duara bado linanidai inchi mbili na zaidi. Nikavuta ukanda, haukufika. Nikafinya duara, likafanya marinda kama karatasi ya keki. Bafta nzuri, tena ya watu.

Shangazi aliporudi hakugomba. Alikata duara la inchi 7 kwenye boksi la viatu, akatia alama ya penseli ukingoni, akalisimamisha juu ya meza kama gurudumu na kuniambia nilibiringishe mpaka alama irudi chini. Nikapima kwa futi: inchi 22. Akakata la inchi 8, nikabiringisha: 25 na kitu. Inchi moja tu ya upana imezaa inchi tatu na ushei za mzunguko! Tangu siku hiyo najua kuwa kichwa cha 23 kinataka duara la inchi 7 na theluthi moja hivi, si zaidi. Mjukuu wangu amenirekebisha juzi kwamba pai haiko sawasawa na 22 kwa 7, iko chini yake kidogo, na kwamba Mgiriki Archimedes alilijua hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tukapiga hesabu pamoja kwa kofia ya inchi 7. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya mia ya inchi, ni kama unene wa uzi mmoja wa cherehani. Archimedes angevaa kofia yangu bila malalamiko.

Lakini sikuandika kwa ajili ya pai. Nimeandika kwa sababu ya huyo mjukuu na daftari lake.

Yuko kidato cha tatu, na mwaka huu wamefika kwenye sura ya duara. Jioni moja amerudi, kanipa shikamoo ya midomo tu, kakaa mkekani hasemi. Nikamwambia lete hilo daftari. Swali lilikuwa hivi: amepewa duara tupu, lililochorwa kwa kuzungushia kifuniko, halina alama ya katikati, atafute kitovu chake. Yeye alikuwa amekitafuta na amekipata. Kitovu kiko pale pale, nimekipima mwenyewe kwa bikari, mguu mmoja kwenye nukta na mwingine ukazunguka ukingo wote bila kutoka nje ya mstari. Juu ya mchoro: kosa kubwa jekundu, na maneno kwamba hawakufundishwa hivyo.

Hapo moyo ulinidunda, maana aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Nieleze. Duara la juu la kofia mimi silikati kwa bikari. Ninavyo vifuniko vya makopo vya kila kipimo, nazungushia penseli, nakata. Ni haraka, ila duara linatoka halina kitovu. Na bila kitovu huwezi kuchora ua. Ua la majani sita, lile mnaloliona juu ya kofia nyingi, linatoka kwenye bikari yenyewe: unaifungua kutoka kitovuni hadi ukingoni, kisha kwa upana uleule unatembeza mguu wake kuzunguka ukingo, na hatua ya sita inakurudisha ulipoanzia. Hakuna kubahatisha. Lakini kitovu kikihama hata kwa upana wa punje ya mchele, majani mawili yananenepa na mawili yanakonda, na viua vitakavyoshonwa juu yake vitaonyesha aibu hiyo kwa miaka yote kofia itakayovaliwa. Kukunja kitambaa mara nne sikupendi kwa sababu bafta yangu naipiga wanga kabla ya kuchora, na ukiikunja inabaki na alama.

Basi dawa yangu ni kona ya boksi. Unaiweka kona ncha yake iguse ukingo wa duara, popote pale. Zile pande mbili za kona zitaukata ukingo mahali pawili. Tia alama, unganisha kwa rula. Mstari huo umepita kitovuni. Hamisha kona mahali pengine, fanya tena. Mistari miwili inapokatana ndipo kitovu kilipo. Mjukuu ameniona nikifanya hivyo tangu ana miaka mitano, na siku alipoulizwa swali hilo darasani alichukua kona ya jalada la daftari akafanya vilevile.

Njia ya ubaoni ni nyingine. Unachora mistari miwili inayokatiza duara, kila mmoja unautafutia katikati yake kwa bikari, unapandisha mstari wa pembe mraba, na hiyo inapokutana ndipo penyewe. Ni njia nzuri, siikatai. Mstari ule unaokatiza wanauita kwa jina la Kiingereza, na mjukuu hakuwa na jina jingine la kunipa. Nilipouona nikamwambia, mbona huo ni upote wa upinde? Tao ndilo ule mti uliopinda, na mstari ndio upote unaolifunga. Akacheka, lakini hajasahau tena. Ugomvi wa lugha ya kufundishia siuingii leo, wapo wenye nguvu kuliko mimi.

Nilikwenda shuleni. Sikwenda kugomba, nilivaa vizuri nikaomba kuonana na mwalimu. Kijana mwenye adabu, akaniamkia, akanipa kiti, akabaki amesimama. Nikamwonyesha bikari ikizunguka kutoka kwenye ile nukta. Akatazama, akakubali kwamba kitovu ni sahihi. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: “Mama, mimi namlinda. Msahihishaji ana mwongozo wake, na hana muda wa kufikiria njia asiyoizoea. Mtoto akizoea njia zake mwenyewe, siku ya mtihani zitamgharimu.” Na akaongeza, kwa haki kabisa, kwamba kijana alichora tu. Hakuandika kwa nini kona ya daftari inafanya kazi hiyo.

Hilo la pili lilinichoma, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Zaidi ya miaka 30 naweka kona ya boksi kwenye duara, inanitii, nami sijawahi kuiuliza kwa nini. Shangazi hakuniambia, na huenda naye hakuambiwa.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza mjukuu: haya, kwa nini? Akakaa kimya. Akachora, akafuta, akachora. Nikapika, tukala, akarudi kwenye karatasi. Mwisho akaniomba kanga. Akaikunjua yote sakafuni, akaniambia: “Bibi, kona ya boksi ni pembe mraba, kama kona ya kanga. Tuseme ncha yake ni kona hii moja, na zile alama mbili zilizokata ukingo ni kona hizi mbili za jirani. Hiyo ni pembetatu, nusu ya kanga. Sasa nairudisha nusu ya pili.” Akachukua uzi wangu, akauvuta mshazari kutoka kona hadi kona, kisha uzi wa pili kwenye kona zilizobaki. Nyuzi zina urefu mmoja, na zinakatana katikati ya kila mmoja. “Sasa simama hapo zinapokatana. Kutoka hapo hadi kona yoyote ni umbali uleule, maana kila mmoja ni nusu ya uzi. Sehemu iliyo sawa kwa umbali kutoka nukta tatu za ukingo ni ipi?”

Kitovu, nikasema. Nilisema kabla hajamaliza.

Basi mstari wa mshazari, ule ninaouunganisha kwa rula, lazima upite kitovuni, boksi liwe dogo au kubwa, kofia iwe ya mtoto au ya sheikh. Mhariri, nimeshona kofia nyingi, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi namna ile kwa kazi yangu mwenyewe. Ilikuwa kama mtu aliyekaa na jirani miaka mingi kisha siku moja akajua jina lake. Mjukuu anasema jambo hili liliandikwa na mwanahisabati Euclid wa Alexandria, huko Misri, takriban miaka 300 kabla ya Kristo, na kwamba wengine wanalihesabu la Thales aliyemtangulia. Sawa. Ila pale sakafuni lilithibitishwa na mtoto wa kidato cha tatu ambaye siku tatu nyuma aliwekewa kosa.

Sasa nimgeukie msomaji mwenzangu wa barua ile. Ndugu yangu, unaposema hujawahi kuombwa kuthibitisha chochote, nakuamini. Lakini anayeijenga nyumba yako anaivuta kamba ya futi 3, 4 na 5 ili kona isije ikalala, na seremala wa kitanda chako anapima mshazari na mshazari kabla hajagongea msumari wa mwisho. Neno mhandisi tumelitoa kwa Waarabu, na handasa kwao ndiyo jometri. Simu yako ni kweli inazidisha na kugawanya. Iweke juu ya bafta yangu ikutafutie kitovu.

Ila kwa jambo moja nakuunga mkono, na pengine ndilo lililokuchosha. Jometri uliyofundishwa haikuwa na mikono. Mjukuu ananiambia darasani kwao duara linachorwa ubaoni kwa chaki bila kamba wala chochote. Mkono ukitetereka linakuwa yai, na darasa zima linanakili yai. Wenye mkebe wa hisabati wanahesabika, na waliobaki wanazungushia sarafu. Kisha juu ya yai hilo wanaambiwa pembe hii ni sawa na pembe ile, na wao wanaona kwa macho kwamba si sawa, basi wanakariri. Mtoto anayekariri kitu ambacho macho yake yanakikana, unategemea nini kwenye mtihani? Kila matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa tunasoma Hisabati iko mkiani, tunasikitika siku mbili, tunaendelea.

Kamba na vipande viwili vya chaki havihitaji bajeti ya wizara. Funga chaki kila ncha, mmoja ashike katikati ya ubao, mwingine azungushe. Duara litatoka kama lilivyo. Uani mti badala ya chaki, na mchanga badala ya ubao, na wote wanaona. Boksi la viatu lina kona nne za pembe mraba, kila duka linayatupa. Sahani zimejaa majumbani.

Kwa wanaotunga miongozo ya kusahihisha ombi langu ni fupi. Andikeni humo kwamba njia yoyote iliyo sahihi na iliyotolewa sababu ipate alama zote. Kama tayari imeandikwa, basi waambieni walimu kwa sauti, maana kijana yule muungwana hajasikia, na anawalinda watoto dhidi ya akili zao wenyewe. Na kwa walimu: mtoto akileta njia ngeni, kabla ya wino mwekundu muulize neno moja tu, kwa nini. Wangu hakuulizwa na mwalimu, na bibi yake alichelewa kumuuliza, na jibu alikuwa nalo, lilitaka kanga tu.

Wasomaji wasioniamini wachukue sahani ya chakula, waifudikize juu ya karatasi, wazungushie penseli. Kisha wachukue ukurasa wa gazeti hili, ukurasa huuhuu, kona yake ni pembe mraba safi kuliko boksi langu. Ncha kwenye ukingo, alama mbili, rula. Tena. Mimi nimejaribu kwa toleo la Jumanne na sahani ya pilau, na kitovu nimekipata. Mafuta kidogo yamebaki kwenye tangazo la viwanja.

Ninayo kazi moja imenisumbua mwezi huu, na naiweka hapa walimu wa Hisabati wainyooshee. Bwana harusi mmoja alitaka ua la majani saba, si sita wala manane, ana sababu zake. Bikari ikanikatalia. Mjukuu akaenda kusoma, akarudi akaniambia nisijisumbue, imethibitishwa kwamba kwa bikari na rula tupu duara halikatiki sehemu saba zilizo sawa kabisa, si mimi, si mtu yeyote. Lakini nilikuwa nimeshapokea malipo ya awali.

Nikachora duara dogo la inchi 3 na nusu kuzunguka kitovu. Kwenye boksi nikakata lingine kama hilo, nikalizungushia ukanda mwembamba wa karatasi mpaka ncha zikagusana, nikakata. Nikaufungua, ukawa wa inchi 11. Nikachukua daftari kubwa la kaunta lenye mistari, nikaulaza ukanda mshazari, ncha moja ikae juu ya mstari wa kwanza na nyingine juu ya mstari wa ishirini na nane kutoka hapo, kisha nikatia alama kila baada ya mistari minne. Zikatoka sehemu saba. Mistari ya daftari iko sambamba na nafasi zake ni sawa, hivyo ukanda hauna la kufanya ila kugawanyika sawa. Nikaurudisha kuzunguka lile duara la boksi, nikaliweka juu ya bafta, nikahamisha alama kwa penseli. Mjukuu alisimama nyuma yangu muda wote akisema, “Bibi, hiyo si bikari na rula.” Nikamwambia ndiyo, ni karatasi.

Jana mwenyewe amekuja kuichukua. Ameigeuza juani, akahesabu majani kwa kidole, akarudia kuhesabu, akavaa. Kalipa kilichobaki.

Mshona kofia,
Ngamiani, Tanga